Matembezi ya Hisani na Utafiti wa Saratani: Tunachangia Nini Hasa?

Wanachuo wenzangu, kila inapokaribia Februari, na tena Oktoba, mbao za matangazo hapa chuoni hujaa mabango ya matembezi ya hisani. Februari ni kwa sababu tarehe 4 ni Siku ya Saratani Duniani. Oktoba ni mwezi wa kuelimishana kuhusu saratani ya matiti, na hapo ndipo mji mzima unavaa pinki. Bango huwa na picha ya utepe, mahali pa kuanzia, kiingilio, na neno moja kubwa: CHANGIA. Wengi wetu tunalitazama, tunapiga hesabu ya bumu lililobaki, halafu tunapita zetu kwenda kula chipsi.

Mwaka huu nilijiandikisha. Tulikuwa watu wa mtaa, wa misikiti na makanisa ya jirani, wauguzi, waendesha bodaboda, na sisi wanafunzi wachache. Tulianzia Coco Beach kabla jua halijawa kali, tukavuka Daraja la Tanzanite, tukafuata barabara ya ufukweni mpaka karibu na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ni kama kilomita tano hivi. Mtu mwenye miaka ishirini na mbili hawezi kujisifu kwa kilomita tano, kwa hiyo miguu yangu naiacha. Nasoma ualimu, na mwalimu akirudi kutoka ziara ya mafunzo anaulizwa mambo mawili: umejifunza nini, na utamfundishaje mwenzako? Makala hii ni jibu langu kwa maswali hayo.

Wazo lilitoka wapi

Kuchanga kwa ajili ya mgonjwa si jambo geni kwetu. Tunachangia msiba, tunachangia harusi, tunapitisha daftari darasani mwenzetu akilazwa. Kilicho kigeni kidogo ni kutembea ndipo uchange. Kwani hela haiwezi kutumwa kwa simu ukiwa umelala?

Mtu aliyeipa nguvu njia hii katika mapambano dhidi ya saratani alikuwa mwanachuo kama sisi. Terry Fox alizaliwa Kanada mwaka 1958. Mwaka 1977 aligundulika na saratani ya mfupa, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Wakati wa matibabu aliambiwa ana nafasi ya asilimia 50 ya kupona. Akaelezwa pia kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo nafasi hiyo ingekuwa asilimia 15. Namba hizo mbili zilimwingia. Kati ya 15 na 50 hakukuwa na muujiza, kulikuwa na watafiti waliofanya kazi yao.

Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja wa kwake na mmoja wa bandia, karibu kilomita 42 kwa siku. Alichoomba ni dola moja kutoka kwa kila Mkanada. Alikimbia siku 143 na kufikisha kilomita 5,373. Septemba 1 saratani ikamsimamisha, maana ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Alifariki Juni 1981 akiwa hajatimiza miaka 23. Lakini kabla hajafa, michango ilikuwa imeshapita dola milioni 24, sawa na dola moja kwa kila raia. Tangu Septemba 1981 mbio za kumkumbuka hufanyika kila mwaka, hazina mshindi wala medali, na zimeshakusanya zaidi ya dola milioni 800 za Kanada.

Nimemtaja kwa sababu mbili. Kwanza, alitamani kuwa mwalimu wa michezo, kwa hiyo ni mwenzetu wa fani. Pili, kisa chake kinajibu lile swali la kutembea. Mwili ukionekana barabarani unafanya kazi ambayo muamala wa simu hauwezi kuifanya. Watu wanatoka madukani kuangalia, dereva wa daladala anapunguza mwendo na kuuliza "kuna nini leo?", na mtu anayemjibu analazimika kutamka neno saratani kwa sauti. Katika nchi ambayo ugonjwa huu bado unasemwa kwa kunong'ona, au unaitwa tu "ule ugonjwa", kulitamka barabarani ni hatua.

Hesabu ya fulana

Sasa tuje kwenye hela, maana hapo ndipo wanachuo wengi wana mashaka, na mashaka yao yana msingi. Hebu tupige hesabu ya mfano. Namba hizi nimezitunga ili tujifunze, si za matembezi yoyote yaliyofanyika.

Tuseme washiriki ni 400 na kila mmoja analipa shilingi 20,000. Zinapatikana 8,000,000. Kila mshiriki anapewa fulana ya shilingi 9,000. Hapo 3,600,000 zimeondoka. Jukwaa, spika na mshereheshaji ni 1,200,000. Maji, gari la wagonjwa na huduma ya kwanza ni 600,000. Jumla ya matumizi ni 5,400,000. Kinachobaki kwa lengo lenyewe ni 2,600,000. Yaani katika ile elfu ishirini yako, kilichofika ni shilingi 6,500. Zilizobaki umezivaa na kuzicheza.

Hesabu hii haimaanishi kwamba kuna mwizi. Maji lazima yawepo, na mtu akizimia juani lazima gari liwepo. Ila inaonyesha kitu ambacho mwandaaji mzuri anakijua: kiingilio peke yake ni chanzo dhaifu. Chanzo chenye nguvu ni kadi ya ahadi. Kila mshiriki anachukua kadi na kuwaendea watu kumi, kila mmoja anaahidi shilingi 1,000 kama kweli utamaliza safari. Kwa watu wetu 400 hiyo ni 4,000,000 nyingine, na gharama haijaongezeka hata senti. Sasa kinachofika ni 6,600,000 kati ya 12,000,000, zaidi ya nusu. Ukimruhusu mshiriki aje na fulana yake ya nyumbani na kufunga utepe tu mkononi, sehemu inayofika inapanda tena.

Mimi nilipewa kadi. Niliizungusha bwenini jioni mbili. Kuna mwenzangu wa chumba cha jirani aliahidi shilingi 500, akaomba nimwandikie jina kamili la shangazi yake pembeni. Kadi haikuwa na safu ya majina ya shangazi, lakini niliandika.

Swali nililoulizwa darajani

Juu ya daraja nilijikuta natembea na mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni na raba miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza nasoma wapi. Nilipomwambia nasoma ualimu, akaanza kuniita mwalimu palepale. Tulipofika katikati akaniambia mdogo wake anapigwa mionzi, yuko wiki ya tatu. Halafu akauliza:

"Mwalimu, kwenye karatasi wameandika utafiti wa saratani. Sasa hii hela itamfikia mdogo wangu?"

Nilimjibu kwamba, kwa jinsi walivyoandika, hapana. Hela ya utafiti haimlipii mgonjwa dawa, nauli wala kitanda. Inalipia kutafuta majibu ambayo yatawasaidia watakaougua kesho, na wengine wasiugue kabisa.

Alinyamaza hatua kadhaa. Kisha akasema, "Sawa mwanangu. Lakini yeye anaumwa leo."

Sikuwa na la kumjibu juu ya daraja lile, na nadhani hakuna sentensi moja inayotosha kumjibu. Mgonjwa wa leo na mgonjwa wa kesho wote wana haki, na mfuko ni mmoja. Anayekwambia kwamba utafiti ni muhimu kuliko matibabu hajakaa na mgonjwa. Anayekwambia utafiti ni anasa ya Wazungu, naye hajui historia ya eneo letu hili. Ndiyo maana sehemu inayofuata naiona kama moyo wa somo.

Utafiti si maabara ya kwenye sinema

Tukisikia neno utafiti tunaona vioo, mashine za mabilioni na watu wenye makoti meupe. Mashine zipo kweli. Lakini moja ya kazi kubwa za utafiti wa saratani duniani ilianzia Kampala, na ilifanywa kwa gari kuukuu.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya. Baadaye akaona mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyohiyo. Akaanza kujiuliza: watoto hawa wanatoka wapi, na kwa nini maeneo mengine hawaonekani? Mwaka 1958 aliandika kuhusu ugonjwa huo. Kisha akatuma picha na maswali kwenye hospitali nyingi za Afrika, akawa anaweka alama kwenye ramani kila jibu lilipofika.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walinunua gari la Ford lililokwishatumika, kwa pauni 250, wakasafiri kama kilomita 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine, Tanganyika ikiwemo. Vifaa vyao vikubwa vilikuwa picha na swali: "Mmewahi kuona mtoto wa hivi?" Ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ule unapatikana zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, na unapungua sana kwenye miinuko yenye baridi. Ilifanana na ramani ya malaria.

Wakati huohuo sampuli za uvimbe zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Kikawa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ugonjwa wenyewe hadi leo unaitwa limfoma ya Burkitt, na ni mojawapo ya saratani za watoto zinazoitikia dawa vizuri mgonjwa akiwahi.

Somo hapo ni lipi? Utafiti huanza na mtu anayehesabu kwa uangalifu na kuuliza swali linaloweza kujibiwa. Hela zinahitajika, lakini hela ndogo iliyowekwa kwenye swali zuri inaweza kwenda mbali kuliko lile gari.

Wasichana 930 wa Mwanza

Mfano wa pili ni wa juzi tu, na ni wa nyumbani.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Karibu yote inasababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo. Chanjo ipo. Tanzania iliianza nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili kila mmoja.

Dozi mbili zina tabu yake. Msichana aliyechanjwa Machi, akirudiwa baada ya miezi sita, huenda amehama shule, amemaliza darasa la saba, au hayupo siku hiyo. Na kila dozi ina gharama. Kwa hiyo likazuka swali rahisi: je, dozi moja haitoshi?

Ili kulijibu, mwaka 2017 utafiti ulianza Mwanza ukihusisha wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Wengine walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha wakafuatiliwa kwa kupimwa damu kuona kama mwili umetengeneza kingamwili. Karibu wote waliopata dozi moja walikuwa nazo, na zikadumu. Kule Kenya, utafiti mwingine uliwahusisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na ukaonyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo kwa kiasi cha asilimia 97, baada ya miezi 18.

Mwaka huohuo wa 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Fikiria maana yake: chupa zilezile za chanjo sasa zinawatosha wasichana mara mbili. Hakuna mashine mpya iliyobuniwa. Kulikuwa na wasichana 930 waliokubali kutolewa damu, wazazi waliosaini fomu, wauguzi waliozunguka kuwatafuta nyumbani, na mtu aliyelipia nauli za hao wauguzi. Hivyo vyote ndivyo vinavyoitwa utafiti kwenye bango.

Kwa hiyo yule mama alikuwa sahihi, na bango lilikuwa sahihi. Mdogo wake hatapona kwa utafiti utakaoanza mwaka huu. Lakini hata mionzi anayopigwa, kiasi chake na siku zake, ilijulikana kwa sababu miaka mingi nyuma kuna mtu alichangia swali ambalo yeye mwenyewe hakuishi kuona jibu lake.

Mwalimu anaingilia wapi

Mtaniuliza, wewe wa Elimu saratani inakuhusu nini, si waachie wenzetu wa udaktari? Jibu liko kwenye umri ule: miaka 9 hadi 14. Hao hawako hospitali, wako darasani. Muuguzi anakuja na kibebeo cha chanjo asubuhi moja na kuondoka. Aliyebaki na wasichana, na anayepigiwa simu na wazazi, ni mwalimu.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha niliona siku ya chanjo madawati kadhaa ya mbele yakiwa wazi. Uvumi ulikuwa umetangulia kwamba sindano ile inafunga kizazi. Mwalimu wa darasa, mwanamama mtulivu sana, hakugombeza mtu. Aliwaita wazazi, akakaa nao chini ya mti, akawaambia kwamba binti yake mwenyewe ameshachanjwa. Kisha akawaacha waulize mpaka walipochoka. Wiki ile, mabinti kadhaa wakapelekwa kituo cha afya na mama zao. Hakuna bango lingeweza kufanya hivyo.

Kwa watu wazima kuna jambo jingine la kulijua na kulisema. Mlango wa kizazi unaweza kuchunguzwa kwa siki: muuguzi anapaka siki nyepesi, anasubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Kama ipo, inaweza kutibiwa kabla haijawa saratani. Uchunguzi hauhitaji mashine kubwa. Kinachotukwamisha mara nyingi ni aibu, na ile imani kwamba ukipimwa ndipo unaugua. Wagonjwa wengi wanafika Ocean Road, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996 na ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mahali pekee pa mionzi nchini, wakati ugonjwa umeshasambaa. Uvimbe usiouma kwenye titi, damu inayotoka nje ya hedhi, kidonda kisichopona, chakula kinachokwama kooni: hizi si dalili za kusubiri likizo.

Kabla hujalipa kiingilio

Serikali ya wanafunzi imekuwa ikizungumzia kuandaa matembezi yetu wenyewe. Mimi naunga mkono, kwa masharti manne ambayo nadhani kila mwanachuo ana haki ya kuyauliza, hapa na kwingine kote:

1. Bango liseme wazi hela ni ya nini: matibabu ya wagonjwa, uchunguzi wa mapema, au utafiti. Yote matatu ni mema, ila hayafanani, na mchangaji asibahatishe.
2. Akaunti ijulikane na iwe na watia saini zaidi ya mmoja.
3. Fulana iwe hiari. Atakayeitaka aongeze bei yake.
4. Tarehe ya kutoa taarifa ya mapato na matumizi itangazwe siku ileile ya kujiandikisha, na taarifa ibandikwe pale mbao zetu za matangazo zilipo, kwa shilingi na si kwa shukrani tu.

Na kama tutaamua kuchangia utafiti, basi tutenge angalau sehemu ndogo kwa ajili ya mgonjwa wa leo: nauli, chakula cha msindikizaji, sabuni. Wanaotoka mikoani kwa mionzi ya wiki kadhaa wanahitaji mahali pa kulala, na hilo halihitaji maabara.

Mwisho, kama ilivyo desturi ya somo lolote, kuna zoezi. Wenzangu wa Elimu: andaa kipindi cha dakika 40 kuhusu chanjo ya HPV kwa darasa la tano, kwa lugha ambayo bibi yako angeielewa bila kuona haya. Wa fani nyingine: tafuta kituo cha afya kilicho karibu na chuo kinachofanya uchunguzi kwa siki, uliza siku na saa, halafu mwambie mama, dada au shangazi mmoja. Majibu msiniletee mimi. Yapelekeni nyumbani wakati wa likizo.